Mtakatifu Yohane Bosco na Watoto Watukutu

Kila mwaka, tarehe 31 Januari, Kanisa huadhimisha sikukuu ya Mtakatifu Yohane Bosco, padre wa Italia ambaye ulimwengu wamjua zaidi kwa jina la Don Bosco. Don ni neno la heshima ambalo Waitalia huwaitia mapadre wao. Picha zake humwonyesha akitabasamu katikati ya watoto, hata mtu aweza kudhani kwamba yeye alizaliwa mpole, na kwamba watoto aliowalea walikuwa kama malaika. Yote mawili si kweli. Yatupasa sisi wazazi wa Kikristo kuyajua maisha yake kama yalivyokuwa, kwa maana shida aliyopambana nayo ndiyo iliyomo katika nyumba zetu: mtoto amekosa, hasira imempanda mzazi, na mkono umekwisha inuka.

Alizaliwa tarehe 16 Agosti 1815 katika kitongoji cha Becchi, karibu na Castelnuovo, katika nchi ya Piemonte iliyo kaskazini mwa Italia. Baba yake, Francesco, alikuwa mkulima maskini, naye alikufa kwa homa ya mapafu mwaka 1817, Yohane akiwa hajatimiza miaka 2. Mama yake, Margherita, akabaki mjane wa miaka 29. Alikuwa na mama mkwe mzee wa kumtunza, na wana wawili wa tumbo lake, Giuseppe na Yohane, pamoja na Antonio, mwana wa mke wa kwanza wa marehemu. Margherita hakujua kusoma wala kuandika. Walakini wote walioandika habari za Don Bosco wakubaliana kwamba elimu yake ya kulea watoto aliipata kwanza kwa mama huyu, kabla ya kuipata katika seminari.

Katika pembe moja ya nyumba yake Margherita aliweka fimbo. Watoto waliiona kila siku, tena walijua kazi yake. Lakini yasimuliwa kwamba haikutumika. Siku moja, Yohane akiwa na umri wa miaka 8, mama alikwenda safari, na mtoto akapanda juu ya kiti ili afikie kitu kilichowekwa juu. Akaangusha chombo cha mafuta, kikavunjika, na mafuta yakamwagika sakafuni. Katika nyumba ya maskini mafuta si kitu kidogo. Yohane akajaribu kufuta, asiweze kuondoa doa. Basi akatoka, akakata ufito katika ua, akauchonga, akautia nakshi kwa kubandua gamba lake vizuri, kisha akaenda kumlaki mama yake njiani. Akampa fimbo ile, akamweleza kosa lake lote. Mama akacheka, akamsamehe.

Wako watakaosema kwamba huo ni ulegevu, nao watatukumbusha wahenga wetu na onyo lao juu ya mzazi achelewaye mwana kulia, au kitabu cha Mithali na maneno yake juu ya fimbo. Tusiwapuuze. Margherita hakuchelea kilio cha mwana. Aliwaamsha wanawe mapema, akawatia kazini, akawalaza mahali pagumu, akawasalisha asubuhi na jioni. Hakuna aliyekula bila kufanya kazi nyumbani mwake. Jambo la kuangalia ni kwamba mtoto wa miaka 8 alikuja mwenyewe kuungama kosa, wala hakukimbilia msituni, wala hakumsingizia paka. Mtoto anayekuja kwa miguu yake kusema kweli ameshalelewa, na fimbo ingemwongezea nini?

Yohane mwenyewe hakuwa mpole. Alikuwa na nguvu nyingi na hasira ya upesi. Alipokuwa na miaka 9 aliota ndoto ambayo hakuisahau maisha yake yote, akaiandika katika uzee wake kwa amri ya Papa Pio wa Tisa. Aliona katika ndoto watoto wengi wakicheza, na baadhi yao wakikufuru. Mara akawarukia kwa ngumi ili awanyamazishe. Akatokea mtu mtukufu aliyevaa vizuri, akamwita kwa jina lake, akamwamuru awe kiongozi wao, na kumwonya kwamba hatawapata kwa kupiga, ila kwa upole na mapendo. Kisha watoto wale wakageuka kuwa wanyama wakali, halafu wakawa wanakondoo. Asubuhi aliposimulia ndoto hiyo, kila mtu nyumbani aliifasiri kivyake. Antonio, kwa sauti ya dharau, alibashiri kwamba mdogo wake atakuwa mkubwa wa wanyang'anyi. Bibi mzee alisema si vema kuziamini ndoto.

Antonio huyo alikuwa ndiye mtihani wa nyumba. Hakutaka kusikia habari ya vitabu, kwa maana yeye alilima bila kusoma, na alimwona mdogo wake kuwa mvivu. Ugomvi ulizidi hata Februari 1828 mama akalazimika kumtoa Yohane nyumbani, mtoto wa miaka 12, aende kutafuta kazi. Akaajiriwa kuchunga ng'ombe katika shamba la ukoo wa Moglia, akakaa huko karibu miaka 2. Twaweza kukisia jinsi mama alivyoumia. Katika nyumba ile upendo haukumaliza kila ugomvi, na waandishi wengine wa maisha ya watakatifu hulipitia jambo hilo haraka mno.

Alipopata nafasi ya kusoma katika mji wa Chieri, kuanzia mwaka 1831, alijilipia kwa kazi za mikono. Hapo alikuwa na rafiki, Luigi Comollo, kijana mtulivu aliyepigwa makofi na wenzake bila kurudisha. Siku moja Yohane alipowaona wakimwonea, alisahau ndoto yake. Kwa kuwa hakuwa na fimbo wala kiti karibu, alimshika mmoja wao mabegani, akamtumia kama rungu kuwapigia wengine, wanne wakaanguka chini. Mwalimu alipoingia na kuona mikono na miguu hewani, naye akataka ushahidi wa nguvu zile, kwa mshangao wake. Darasa zima lilicheka. Comollo peke yake hakufurahi. Alimwambia rafiki yake faraghani kwamba nguvu hizo zilimtisha, na kwamba Mungu hakumpa nguvu ili awaangamize wenziwe. Don Bosco aliandika baadaye kwamba alishangazwa na upendo wa rafiki yake, akajiweka chini ya uongozi wake. Comollo alikufa mwaka 1839, wote wawili wakiwa seminarini. Hivyo yule ambaye leo twamwita mwalimu wa upole alifundishwa upole huo na rafiki wa rika lake, baada ya kuwaangusha watu wanne.

Alipewa upadre mjini Torino tarehe 5 Juni 1841. Siku zile Torino ulikuwa mji unaokua upesi. Nyumba zilijengwa kila upande, na vijana walimiminika kutoka vijijini kutafuta kazi ya uashi na kazi nyinginezo, wengi wao hawana baba wala mama wala mahali pa kulala. Padre Giuseppe Cafasso, mlezi wake wa roho, alimpeleka magerezani. Alipoona humo vijana wengi wa miaka 12 hadi 18, wenye afya na akili, wakiwa wamekaa bure na kuliwa na wadudu, alitetemeka. Lililomchoma zaidi ni kuona kwamba wengi wao waliotoka walirudi tena baada ya siku chache. Walikuwa wameadhibiwa vya kutosha. Alipochunguza sababu aliona kwamba walipotoka hawakuwa na mtu nje.

Ikafika tarehe 8 Desemba 1841, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili. Don Bosco alikuwa katika sakristia ya kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, akivaa mavazi ya Misa. Kijana mmoja aliingia akasimama pembeni. Mtunza sakristia akamtaka atumikie Misa, na kijana akajibu kwamba hajui. Mzee yule akaghadhibika, akashika mpini wa kufutia vumbi, akampiga kichwani na mabegani hata kijana akakimbia. Don Bosco akapaza sauti kuuliza sababu ya kumpiga. Akasema kwamba kijana huyo ni rafiki yake, na kwamba aitwe arudi mara moja. Ukweli ni kwamba hakuwa amemwona kabla ya siku ile.

Kijana akarudi akitetemeka. Baada ya Misa wakazungumza. Jina lake lilikuwa Bartolomeo Garelli, mwashi kutoka Asti, umri wake miaka 16. Baba amekufa, mama amekufa. Hakujua kusoma, hakujua kuandika, hakujua kuimba. Don Bosco akamwuliza kama ajua kupiga mluzi, ndipo kijana akacheka. Alikuwa bado kupokea Komunyo ya kwanza, wala hakwenda kwenye katekisimu kwa sababu aliona haya mbele ya watoto wadogo waliojua zaidi. Padre akamwuliza kama angekuja ikiwa atafundishwa peke yake. Garelli akakubali kwa furaha, ila kwa sharti moja, ndilo kwamba asipigwe. Wakapiga magoti, wakasali Salamu Maria, na somo likaanza kwa kufundisha ishara ya msalaba. Jumapili zilizofuata Garelli alileta wenzake. Kazi yote ya Don Bosco kwa vijana ilianza siku ile, kwa sharti lile la mtoto yatima.

Kundi liliongezeka hata likafika mamia, na kila lilipokwenda lilifukuzwa kwa sababu ya makelele. Wakuu wa mji walilitilia shaka, baadhi ya mapadre walimdhania Don Bosco kuwa na wazimu, na wawili wao walikuja na gari la farasi ili wampeleke kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili. Yeye akawaingiza ndani kwanza kwa adabu, akafunga mlango, akamwamuru mwendeshaji awapeleke wao. Mwisho, siku ya Pasaka mwaka 1846, walipata banda la Bwana Pinardi huko Valdocco, nje kidogo ya mji, wakaligeuza kuwa kanisa. Miezi michache baadaye Don Bosco aliugua karibu kufa kwa uchovu. Vijana wale wa uashi walifunga na kusali usiku na mchana ili apone, nao ndio waliokuwa wakiitwa wahuni.

Novemba 1846 alirudi Valdocco pamoja na mama yake. Margherita alikuwa na miaka 58, na huko Becchi alikuwa akiishi kwa raha na wajukuu wake. Alikuja kwa miguu na kikapu mkononi. Baadaye aliuza hata vitu vya arusi yake ili kuwalisha na kuwavika wana wa watu wengine.

Na wana hao hawakuwa na shukrani siku zote. Don Bosco alipowalaza wa kwanza katika ghala ya majani makavu, wengine walitoroka alfajiri na kuchukua mashuka na mablanketi. Mwezi wa Mei 1847, usiku wa mvua, akaja yatima wa miaka 15 hivi kutoka Valsesia, amelowa chapachapa, analia, hana senti. Mama na mwana wakafanya shauri mbele ya moto. Don Bosco alikumbuka mablanketi, akahofu kwamba huyu naye atakwenda na vyungu. Margherita akasema ataliangalia jambo hilo. Akatoka pamoja na kijana, wakaokota matofali, wakapanga nguzo nne ndogo, wakaweka mbao juu yake, wakatandika godoro la Don Bosco mwenyewe. Kisha akamwambia kijana maneno machache juu ya kazi, uaminifu na dini, wakasali pamoja. Halafu akafunga mlango wa jiko kwa ufunguo hata asubuhi.

Ufunguo huo wapendeza sana. Mara nyingi husemwa kwamba kumpenda mtoto mkosefu ni kumwamini kijinga. Mama huyu alimpa mgeni kitanda na chakula na maneno mema, na vyungu vyake akavilinda pia. Desturi ya maneno machache ya mama kabla ya kulala imebaki katika nyumba za Wasalesiani mpaka leo.

Ikawa siku nyingine wavulana wakicheza vita waliingia katika bustani ya mboga, wakaikanyaga yote, saladi, vitunguu na maharage. Margherita alikuwa ameilima kwa mikono yake. Moyo ulimvunjika. Akamweleza mwanawe mambo yote: nguo zilizofuliwa ambazo huvutwa chini, soksi zinazopotea, sufuria zinazochukuliwa kuchezewa, na sasa bustani. Akaomba ruhusa arudi Becchi akafe kwa amani. Don Bosco hakumbishia, wala hakumhubiria. Alielekeza mkono kwenye msalaba uliotundikwa ukutani. Mama akautazama, macho yakamjaa machozi, akachukua tena vazi lake la kazi. Alikaa Valdocco mpaka kufa kwake, tarehe 25 Novemba 1856. Wazazi waliochoka, na hasa akina mama, wataelewa habari hiyo kuliko mwandishi yeyote.

Upole wa Don Bosco haukuishia ndani ya ua wake. Vijana wake walifanya kazi mjini kwa mafundi, na mafundi wa siku zile waliwapiga wanagenzi na kuwafanya watumishi wa nyumbani. Basi akaanza kuwaandikia mikataba. Katika mmoja wa mwaka 1852, uliofanywa na seremala, fundi aliahidi kumfundisha kijana kazi yake, kumwachia siku za sikukuu, kutompa kazi isiyohusu useremala, na kumrekebisha kwa maneno tu pasipo kumpiga. Kijana naye aliahidi utii na bidii. Padre akatia sahihi kama mdhamini. Kwa mwaka 1852 lilikuwa jambo geni sana.

Twaongeza habari ya mtoto mmoja, maana yaonyesha utaratibu wake. Mwaka 1857 Don Bosco alikuwa stesheni ya Carmagnola jioni, akingoja gari moshi katika ukungu, akasikia makelele ya wavulana na sauti moja ikiwaamuru wote. Aliposogea, wote walitawanyika isipokuwa mmoja aliyejishika kiuno na kumwuliza yeye ni nani hata aingilie mchezo wao. Huyo alikuwa Michele Magone. Baba yake alikuwa amekufa, mama yake akifanya kazi za watu, naye alikuwa amefukuzwa shule. Don Bosco hakumkemea kwa ufidhuli wake. Alimwuliza habari zake, akampa medali, akafanya mpango aje Valdocco. Huko walimpa mwenzake mmoja wa kumkumbusha kwa upole kila alipotukana au kuvunja sheria, na Michele alikuwa akimshukuru. Mwezi mmoja baadaye mtoto alinyong'onyea, akajitenga, akawa analia. Mwingine angemwona mkaidi. Don Bosco alimkalia karibu akagundua kwamba dhamiri ndiyo iliyomsumbua, na baada ya kuungama alirudi kuruka na kuimba. Alikufa kwa ugonjwa tarehe 21 Januari 1859, bado hajafika miaka 14, na Don Bosco akaandika kitabu cha maisha yake.

Mwaka huohuo, tarehe 18 Desemba, Don Bosco na wenzake wachache, wengi wao vijana aliowalea, walianzisha Shirika la Mtakatifu Fransisko wa Sales. Mwaka 1872, pamoja na Maria Domenica Mazzarello, alianzisha shirika la masista kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1875 wamisionari wa kwanza walisafiri kwenda Argentina. Wasalesiani walifika Kongo mwaka 1911, na Tanzania na Kenya mwaka 1980, na jina lake ni la kawaida sasa kwa wengi wanaojifunza ufundi katika nchi zetu.

Mwaka 1877 aliandika kijitabu kifupi juu ya malezi. Alieleza kwamba ziko njia mbili. Ya kwanza ni kutangaza sheria, kisha kukaa mbali na kuwavizia wenye kuivunja ili waadhibiwe. Njia hiyo ni rahisi, na huweza kuzuia fujo, lakini haimfanyi mtoto kuwa bora, na mtoto huweka kinyongo moyoni. Ya pili ni kukaa pamoja na watoto, kuwapa sababu ya kila agizo, kuwashika kwa dini na upole, hata wasipate nafasi ya kukosa. Kupiga kwa namna yoyote alikukataza. Makosa yasahihishwe faraghani, mbali na wenzao, tena baada ya hasira ya mlezi kupoa. Kwa mtoto apendwaye, alisema, kunyimwa uso wa upendo kwa muda ni adhabu inayotosha. Wala hakuficha kwamba njia hii humchosha mlezi zaidi ya ile nyingine. Na walikuwako waliotakiwa kuondoka Valdocco, kwa sababu waliharibu wengine. Alifanya hivyo kwa huzuni, akijitahidi kuwatafutia mahali pengine.

Mwezi wa Mei 1884, akiwa mzee wa miaka 68, mgonjwa, na yuko Roma, aliwaandikia walezi wa Valdocco barua ya masikitiko. Alisimulia kwamba aliona uwanja wa zamani, watoto wakikimbia na walezi wakikimbia pamoja nao. Kisha akaona uwanja wa siku zile za mwisho: watoto wamejiinamia kwa makundi, wanong'onezana, na walezi wamesimama kando wakiongea wao kwa wao, au wakiwaangalia kutoka mbali ili wapate kukemea. Watu wale hawakuwa wabaya. Walifanya kazi mpaka kuchoka kwa ajili ya vijana. Lakini Don Bosco aliona kwamba vijana hawakujua tena kuwa wanapendwa, na kwamba upendo usioonekana kwa mtoto haumsaidii kitu. Aliwasihi warudi uwanjani, wapende michezo ya watoto ili watoto nao wapende masomo na sala.

Alikufa Valdocco alfajiri ya tarehe 31 Januari 1888, umri wake miaka 72. Siku chache kabla alikuwa ameagiza vijana wake wote waambiwe kwamba anawangoja mbinguni. Papa Pio wa Kumi na Moja, ambaye alipokuwa padre kijana alikaa siku chache Valdocco akamwona kwa macho yake, alimtangaza kuwa mtakatifu siku ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 1934.